Sanamu za maumbo: mtoto ashike kwanza, kuchora kutafuata

(Yafuatayo ni mazungumzo yaliyotayarishwa kwa wazazi na walimu wa shule za chekechea katika kaunti. Yanachapishwa hapa kwa ukamilifu kwa manufaa ya wakazi wote, hasa wenye watoto wa PP1 na PP2.)

 

Kuna lalamiko ambalo walimu wa chekechea hulisikia mara kwa mara. Mzazi anafungua mkoba wa mtoto jioni na kukuta daftari halina kitu. Alitarajia safu za a, e, i, o, u na tarakimu kutoka moja hadi kumi. Badala yake anakuta viberiti vitatu vilivyogandishwa juu ya kifuniko cha chupa. Anamuuliza mtoto, leo mmesoma nini? Mtoto anajibu kwa furaha, tumejenga. Mzazi anaona siku imepotea bure, na kesho yake anafika shuleni kumuuliza mwalimu kama mtoto amekuja kusoma au kucheza.

Mzazi huyo ana haki ya kuuliza na anastahili kujibiwa. Jibu ni kwamba kile kijisanamu cha viberiti ni somo kamili. Ndani yake kuna hisabati, kuna lugha, kuna mazoezi ya vidole ambavyo baadaye vitashika kalamu, na kuna uvumilivu. Mtoto aliyekijenga ameshika kwa mikono yake umbo ambalo mwenzake ameliona kwenye chati ya ukutani tu. Mazungumzo haya yanaeleza jinsi ya kumtambulisha mtoto mdogo kwa sanamu za maumbo, kwa vifaa ambavyo tayari vimo majumbani mwetu, bila kununua chochote.

Maumbo yenyewe ni yapi

Chati za madarasani huonyesha duara, mraba, pembetatu na mstatili. Hayo ni maumbo bapa. Yanakaa kwenye karatasi, na mtoto hawezi kuyashika. Lakini vitu anavyokutana navyo mtoto tangu asubuhi hadi usiku vina unene, vina juu na chini, vina mbele na nyuma. Chungwa alilopewa si duara. Chungwa ni tufe. Kasha la viberiti si mstatili, ni mche wenye pande sita. Mtoto anayefundishwa kwamba mpira ni duara anafundishwa nusu ya ukweli, na nusu iliyobaki ataitafuta kwa shida akifika madarasa ya juu.

Uzuri ni kwamba majina ya maumbo haya katika Kiswahili hayako mbali na maisha ya mtoto. Tufe ni lile lile linalotupwa katika michezo ya riadha. Pia ni kile chombo cha mbao ambacho watoto hukizungusha kwa kamba mpaka kikasimama kwa ncha yake. Umbo lake ni pana upande mmoja na limechongoka upande wa pili, kama kofia ya kusherehekea siku ya kuzaliwa. Mcheduara ni umbo la mkebe wa majani ya chai au gogo la mnazi lililokatwa. Mchemraba ni umbo la dadu, lenye pande sita zilizo sawa. Ukiongeza piramidi, umepata maumbo matano ambayo yanatosha kabisa kwa mtoto wa miaka minne au mitano.

Sanamu ya maumbo, basi, ni kitu chochote ambacho mtoto amekiunda kwa kuunganisha, kupanga au kufinyanga maumbo hayo. Inaweza kufanana na nyumba, gari au jahazi. Inaweza pia isifanane na chochote, ikawa imepangwa vizuri tu na inasimama bila kuanguka.

Wazo hili ni la zamani

Wapo wanaodhani kufundisha kwa vitu vya kushika ni jambo jipya lililoletwa na mtaala wa umilisi. Ukweli ni kwamba elimu ya chekechea yenyewe ilianza hivyo. Friedrich Fröbel, Mjerumani aliyezaliwa mwaka wa 1782, alifungua kituo chake cha watoto wadogo katika mji wa Bad Blankenburg mwaka wa 1837. Mwaka wa 1840 akakipa jina la Kindergarten, maana yake bustani ya watoto, na jina hilo likaenea duniani.

Fröbel hakuanza kwa kuwapa watoto kalamu. Aliwapa kile alichokiita zawadi. Zawadi ya kwanza ilikuwa mipira laini ya sufu yenye rangi mbalimbali. Ya pili ilikuwa tufe, mcheduara na mchemraba, yote ya mbao. Ya tatu ilikuwa mchemraba mmoja uliogawanyika kuwa michemraba minane midogo, ili mtoto aubomoe, ajenge kitu kingine, kisha aurudishe ulivyokuwa. Hapo mtoto hujifunza kwamba kitu kizima kina sehemu, na kwamba sehemu hizo zikipangwa upya hupatikana kitu kipya. Mzazi akitazama vizuri ataona kwamba hapo ndipo kujumlisha na kugawanya kunapoanzia.

Hata wakati huo walikuwepo wenye mashaka. Serikali ya Prussia ilizipiga marufuku shule hizo mwaka wa 1851, na marufuku hayo hayakuondolewa hadi mwaka wa 1860. Baadaye, mwaka wa 1876, mama mmoja wa Marekani aliziona zawadi za Fröbel katika maonyesho makubwa mjini Philadelphia, akamnunulia mwanawe. Mwana huyo alikuwa Frank Lloyd Wright, aliyekuja kuwa mmoja wa wasanifu majengo maarufu zaidi duniani. Katika uzee wake aliandika kwamba vile vipande vya mbao vya utotoni havikumtoka mikononi.

Si kila mtoto anayejenga kwa viberiti atakuwa msanifu majengo. Lakini kila mtoto, awe atakuja kuwa fundi wa mashua, mshonaji, daktari au mkulima, atahitaji kujua jinsi vitu vinavyokaa, vinavyoshikana na vinavyoanguka.

Tazama kilicho karibu nawe

Mwalimu anayetaka mifano ya kuwaonyesha watoto haina haja atafute vitabu vya bei ghali. Aanze na noti. Noti zote za Kenya zilizotolewa mwaka wa 2019 zina picha ya jumba la KICC la Nairobi, lililokamilika mwaka wa 1973. Watoto waulizwe wanaona maumbo gani. Wataona mnara mrefu unaokaribia kuwa mcheduara, na kando yake ukumbi wenye paa lililochongoka kama pia. Ni maumbo mawili tu yaliyosimamishwa pamoja, nayo yamekuwa alama ya nchi nzima.

Kisha mwalimu awatoe nje. Nyumba ya mviringo yenye paa la nyasi ni mcheduara uliovishwa pia. Tangi la maji la shule ni mcheduara. Kinu cha kutwangia ni mcheduara uliochimbwa ndani. Kifuu cha nazi ni nusu ya tufe. Mawe ya kujengea yaliyokatwa kwenye machimbo ni miche ya mstatili.

Hapa Pwani tuna pia urithi unaofundisha somo hili bila mwalimu kutamka neno. Makaburi ya nguzo yaliyoko Malindi, Mambrui na Gede yalijengwa karne nyingi zilizopita kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Nyingine kati ya nguzo hizo ni za mviringo, nyingine zina pande nne au zaidi, na ziliinuliwa wima juu ya kaburi. Watoto wakipelekwa kuziona waambiwe kwanza kwamba hapo ni mahali pa heshima, pamelazwa watu, si mahali pa kupanda wala kuchezea. Baada ya hapo wazunguke polepole na kuhesabu pande. Nguzo haionekani yote ukisimama mahali pamoja. Lazima uizunguke, na hilo ndilo somo la kwanza la sanamu.

Mji wa kale wa Gede uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka wa 2024. Mwaka huo huo orodha hiyo ilipokea kazi za mchongaji Constantin Brancusi zilizoko Târgu Jiu nchini Romania. Miongoni mwake ni nguzo ya chuma yenye urefu wa mita 29 hivi, iliyokamilika mwaka wa 1938 kwa kuwakumbuka wanajeshi waliofariki katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Brancusi alichukua umbo moja tu, mfano wa piramidi mbili zilizokatwa ncha na kugusanishwa kitako kwa kitako, akalirudia tena na tena kwenda juu. Mtoto wa chekechea anaweza kujenga nguzo ya namna hiyo kwa vikopo vya karatasi: mdomo kwa mdomo, kitako kwa kitako, mpaka kimo chake mwenyewe. Akikifikia, amefanya kwa mkono wake jambo ambalo msanii mkubwa alilifanya kwa chuma.

Mfano mwingine uko New York, ambako mwaka wa 1968 Isamu Noguchi alisimamisha umbo kubwa jekundu linalofanana na mchemraba, lakini akalisimamisha kwa kona yake, na katikati akalitoboa tundu. Watoto wakionyeshwa picha yake huwa na swali moja: mbona halianguki? Mwalimu asiharakishe kujibu. Awape kila mmoja dadu au kipande cha mchemraba, wajaribu kukisimamisha kwa kona. Watagundua wenyewe kwamba kinahitaji kushikiliwa au kuchomekwa kwenye udongo.

Sanamu si lazima iwe ya kiumbe

Kuna jambo ambalo ni vizuri lisemwe wazi. Neno sanamu linawatia wasiwasi baadhi ya wazazi wetu. Wapo Waislamu wanaojiepusha na sanamu za viumbe vyenye roho, na wapo Wakristo wanaokumbuka makatazo ya sanamu za kuchonga. Mzazi anaposikia kwamba mtoto wake anafundishwa sanamu shuleni, anaweza kunyamaza mbele ya mwalimu, lakini nyumbani akamzuia mtoto asishiriki. Hapo mtoto ndiye anayeumia, kwa kuwa anaketi pembeni wenzake wakijenga.

Kaunti haitoi fatwa wala haihubiri. Maswali ya dini waulizwe maimamu na wachungaji wetu, nao wakaribishwe shuleni waone kinachofanyika. Kinachoweza kusemwa hapa ni kwamba sanamu za maumbo hazihitaji uso wa mtu wala mwili wa mnyama. Kazi yake ni kupanga, kupima na kusawazisha. Mafundi wa Lamu waliochonga nakshi za milango na kupamba kuta za chokaa walitumia duara, nyota na pembe kwa ustadi ambao hadi leo wageni husafiri kuja kuutazama. Mtoto anayepanga michemraba yuko karibu na kazi hiyo.

Kwa hiyo mwalimu anaombwa mambo mawili. Kwanza, awaeleze wazazi mapema kitakachofanyika darasani. Pili, asimlazimishe mtoto yeyote kutengeneza mtu au mnyama. Akisema tujenge nyumba, jahazi, daraja au mnara, darasa zima litashiriki pamoja.

Hatua kwa hatua

Hatua ya kwanza ni kushika. Mwalimu achukue mfuko wa kitambaa, atie ndani ndimu, dadu, mkebe mdogo, gololi kubwa na kasha la viberiti. Mtoto aingize mkono bila kuchungulia, ashike kitu kimoja, aeleze: kina kona? Kinazunguka? Kina ncha? Wenzake wabashiri. Mchezo huu unatosha kwa juma zima, na unamlazimu mtoto kutafuta maneno, kwa hiyo ni somo la lugha pia.

Hatua ya pili ni kuviringisha. Ubao uinuliwe upande mmoja kwa jiwe ili uwe na mteremko. Watoto waachie vitu juu yake kimoja kimoja. Tufe litaenda upande wowote. Mcheduara utaviringika ukilazwa, lakini ukisimamishwa utateleza au utatulia. Mchemraba hauviringiki. Pia ndiyo itakayowachekesha zaidi: ikisukumwa sakafuni huzunguka na kurudi ilikoanzia, ncha yake ikibaki pale pale. Mtoto aliyeliona hilo kwa macho yake hatalisahau.

Hatua ya tatu ni kupanga bila gundi. Kila mtoto apewe vitu vitano na aambiwe ajenge kirefu kadiri awezavyo. Vitaanguka. Viache vianguke. Mwalimu aulize tu: kipi kilikuwa chini? Tukibadilisha itakuwaje? Baada ya kuanguka mara tatu au nne, watoto wengi huweka kipana chini na chembamba juu. Hawakuambiwa na mtu. Wamejifunza kutokana na kile kile kilichowaangusha.

Hatua ya nne ni kuunganisha. Gundi si lazima inunuliwe. Uji mzito wa unga wa ngano au wa muhogo, uliopikwa na kupoa, hushika makasha na karatasi vizuri ukipewa muda wa kukauka. Mabua ya mahindi yaliyokauka hukatika kwa urahisi, na sehemu yake laini ya ndani hupokea kijiti bila kupasuka. Watoto wa vijijini wamekuwa wakitengeneza magari na miwani kwa mabua tangu zamani, na wenzao hutengeneza magari ya waya yenye usukani unaogeuka. Ujuzi huo usiachwe mlangoni mtoto anapoingia darasani.

Hatua ya tano ni udongo. Kila umbo la udongo huanzia kwenye tufe. Mtoto akishaviringisha donge kati ya viganja vyake mpaka likawa tufe, aligonge taratibu mezani upande mmoja, aligeuze, aligonge tena, mpaka pande sita zitokee: huo ni mchemraba. Tufe jingine aliviringishe mezani kwa kiganja kilichonyooka: atapata mcheduara. Mcheduara huo akiubana upande mmoja huku akiuviringisha, atapata pia. Kwa donge moja amepita maumbo manne.

Akitaka kuunganisha vipande viwili vya udongo, avikwaruze kwa kijiti pale vitakapokutana, apake tope laini, kisha avibane. Wafinyanzi wetu hufanya hivyo wanapoweka mkono wa mtungi. Kazi ikauke kivulini, si juani, kwa sababu jua kali hukausha nje haraka kuliko ndani na kuleta nyufa. Vipande visiwe vinene kuliko kidole gumba cha mtu mzima.

Hatua ya mwisho ndiyo ya kuchora na kuandika jina. Sasa mtoto anachora kitu ambacho amekishika, amekibomoa na amekijenga upya. Walimu wanaofuata utaratibu huu wataona kwamba daftari ambalo mzazi alilalamikia kuwa tupu litajaa baadaye, na litajaa kwa uelewa.

Mambo ambayo mwalimu ajiepushe nayo

Lililo baya kuliko yote ni mwalimu kummalizia mtoto kazi ili ipendeze mbele ya wageni. Mnara uliopinda ambao mtoto ameujenga mwenyewe una thamani kuliko ulionyooka kwa mkono wa mwalimu. La pili ni kuwapa watoto arobaini mfano mmoja na kutaka wote watoe kitu kile kile. La tatu ni kutoa alama na kupanga watoto kwa nafasi. Kwa umri huu, swali moja zuri kama “umeanza na kipi?” linamfaa mtoto kuliko alama.

Kazi zikikamilika ziwekwe mahali watoto wanapoweza kuziona pande zote, juu ya meza au kwenye rafu ya chini. Baada ya siku chache, udongo ambao haujachomwa urudishwe kwenye ndoo, ulowekwe na kutumika tena. Mtoto ajue kwamba kubomoa kwa ajili ya kujenga upya si hasara.

Tahadhari

Vifaa vya kuokota vina hatari zake, na hapa mzazi na mwalimu wawe macho.

Mikebe ya bati yenye makali isitumike. Chupa na makopo yaliyokuwa na dawa ya mimea, dawa ya mifugo, rangi, tindikali au mafuta ya taa yasiletwe shuleni hata yakiwa yameoshwa. Betri zilizokwisha zisiguswe. Watoto wasitumwe kuokota vitu kwenye jaa la taka, kwa kuwa humo mna vigae vya chupa na sindano. Vitu vidogo kama gololi, mbegu na vifuniko visiachwe karibu na wadogo zao walio chini ya miaka mitatu, kwani huvitia mdomoni na kukabwa.

Udongo uchukuliwe na mtu mzima mahali safi, mbali na vyoo na mifereji ya maji machafu, kisha uchujwe mawe na vigae. Shimo lililochimbwa lifukiwe siku hiyo hiyo. Shimo likijaa maji ya mvua linaweza kuzamisha mtoto, na maji yaliyotuama huzalisha mbu. Watoto wasiachwe peke yao kando ya mto au machimbo kwa kisingizio cha kutafuta udongo. Wakimaliza kazi wanawe mikono kwa sabuni.

Udongo utunzwe kwenye ndoo yenye kifuniko, umefunikwa kwa kitambaa kibichi. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku nchini tangu Agosti 2017, na shule isiwe mahali pa kuirudisha.

Mtoto asiyeona, mtoto asiyesema

Katika masomo mengi ya chekechea, mtoto asiyeona au mwenye uoni hafifu huachwa nyuma tangu siku ya kwanza, kwa sababu somo liko ukutani. Katika somo hili hali ni tofauti. Umbo linashikwa. Katika mchezo wa mfuko wa kitambaa watoto wote hawaoni, na mara nyingi yule aliyezoea kutumia vidole ndiye atakayewafundisha wenzake. Vivyo hivyo, mtoto asiyesikia au aliyechelewa kusema anaweza kuonyesha alichoelewa kwa kukijenga.

Wapo wazazi ambao bado wanawaficha watoto wenye ulemavu nyumbani. Wanaombwa wawalete. Mwalimu naye, anapopanga darasa, amketishe mtoto huyo katikati ya wenzake, kwenye meza ile ile na udongo ule ule.

Kazi ya mzazi na ya jamii

Katiba ya mwaka wa 2010 ilizikabidhi serikali za kaunti elimu ya chekechea pamoja na vyuo vya ufundi vya vijijini. Mambo hayo mawili yanaweza kusaidiana. Seremala akikata mbao hubaki vipande vidogo ambavyo huishia jikoni kuwa kuni. Vipande hivyo vikipigwa msasa hadi visiwe na vibanzi, vinakuwa zawadi kama zile za Fröbel, na vinadumu miaka mingi. Maseremala wa mitaani na wanafunzi wa vyuo vya ufundi wanaombwa watenge vipande vichache kwa ajili ya chekechea iliyo karibu nao. Wafinyanzi na wachongaji walioko vijijini, hasa wazee, wanaombwa wakubali kualikwa darasani hata kwa saa moja. Mtoto akimwona bibi akiinua chungu kutoka kwenye donge, atajua kwamba kazi ya mikono ina wenyewe na ina heshima.

Mzazi naye hahitaji kuwa fundi. Aanze kwa kuweka kando makasha ya dawa ya meno, viberiti, vigunzi vya mahindi, vifuu na mirija ya karatasi za chooni. Kila Ijumaa mtoto apeleke shuleni vilivyopatikana. Jioni, mtoto akirudi na kitu mkononi, mzazi asikitupe mbele yake, wala asiulize tu hiki ni nini. Amwambie mtoto amweleze alivyokijenga. Dakika tano za maelezo hayo zitamwonyesha mzazi kile ambacho daftari halikuonyesha.

Katika mikutano ya shule, wazazi wana haki ya kuuliza ratiba ikoje. Mtaala wa chekechea una shughuli za lugha, za hisabati, za mazingira, za ubunifu na za dini. Zikionekana zote ni za kuandika tu kutoka asubuhi hadi mchana, mzazi aulize shughuli za ubunifu zimekwenda wapi. Mara nyingi mwalimu huziacha kwa sababu anaogopa lawama za wazazi. Mzazi akimwondolea hofu hiyo, mwalimu atakuwa huru kufundisha inavyopaswa.

Mtoto huwa na miaka minne mara moja tu, na akiwa na miaka mitano huwa nayo mwaka mmoja. Kuandika atajifunza, na muda wa kuandika uko mbele yake. Lakini kipindi ambacho vidole vyake viko tayari kugundua uzito, kona, ncha na mizani kikipita, kukirudisha ni kazi ngumu. Wahenga walisema udongo uwahi ungali maji. Kwa juma linaloanza Jumatatu, kila darasa la chekechea lianze na mfuko mmoja wa kitambaa na vitu vitano ndani yake, na kila nyumba yenye mtoto wa PP1 au PP2 iweke kikapu kimoja mlangoni cha kukusanyia makasha.